Sukari Iliyoganda na Sukari Iliyochachuka: Ipi Bado Inafaa?

Swali: Ninatengeneza keki na maandazi ya kuuza hapa Tanga. Kabla ya masika nilinunua mfuko wa kilo 50 wa sukari nyeupe na mwingine wa kilo 25 wa sukari ya kahawia. Sasa nyeupe imeganda upande wa chini hadi naivunja kwa mchi, na ya kahawia imelowa na inatoa harufu kama ya togwa iliyolala. Tarehe zilizoandikwa kwenye mifuko bado hazijapita. Je, zote mbili zimeharibika, na nizihifadhi vipi siku zijazo?

Jibu: Dada yangu, kwa maelezo uliyotoa, sukari nyeupe haijaharibika. Ile ya kahawia imeharibika, na ninakusihi usiitumie katika chakula cha kuuza wala cha nyumbani.

Kuganda peke yake si kuharibika. Punje ya sukari nyeupe ni sukrosi karibu tupu, yaani sukari halisi ya miwa, na huanza kunyonya maji pale unyevu wa hewa unapofikia takribani asilimia 85, hali ambayo wakazi wa Tanga, Mombasa na Unguja huikuta mara nyingi nyakati za usiku wa masika. Uso wa punje hulowa na kufunikwa na shira nyembamba. Mchana hewa inapokauka, shira hiyo nayo hukauka na kuziunganisha punje zilizogusana, na hali hiyo ikijirudia kwa wiki kadhaa bonge hukomaa. Upande wa chini ndio huanza, kwa sababu sakafu ya saruji huwa baridi kuliko hewa ya stoo, na uzito wa mfuko wenyewe huzibana punje.

Chukua bonge moja ulipasue katikati. Ndani pakiwa peupe na pakavu, na punje zikiachana unapozisugua kwa vidole, sukari hiyo ni nzima. Itwange, ichekeche, uitumie. Ukikuta mshipa wa manjano unaonata, fahamu kwamba maji yaliingia mengi, na sehemu hiyo uitenge na kuitupa.

Sukari ya kahawia ina tabia tofauti kwa kuwa punje zake zimebaki na utando wa molasi, yaani shira nyeusi ya miwa, na ndani ya molasi mna glukosi na fruktosi, aina nyingine za sukari ambazo huvuta unyevu hata hewa isipokuwa na maji mengi kiasi hicho. Vimelea vingi haviwezi kukua ndani ya sukari, kwani utamu mkali huvinyang'anya maji. Hata hivyo zipo chachu zinazouvumilia, hasa za jamii ya Zygosaccharomyces, ambazo hustawi katika molasi hiyo iliyolowa na kuichachusha. Harufu ya togwa uliyoisikia ndiyo kazi yao. Pengine utashauriwa kuichemsha. Kuchemsha kutaua chachu, lakini hakutaondoa uchungu wala ladha iliyokwisha kuingia, na hakutakueleza maji yaliyoilowesha yalitoka wapi: kama ni paa linalovuja au sakafu chafu, hatari yake si chachu peke yake.

Ukiwa na shaka siku nyingine, weka vijiko viwili vya sukari katika glasi ya maji safi ya uvuguvugu, ukoroge, kisha uiache itulie. Nyeupe inapaswa kutoa maji maangavu. Ya kahawia hutoa rangi ya chai nyepesi, na hilo si kasoro. Angalia kilichozama na kilichoelea, kisha unuse. Sukari iliyowekwa karibu na sabuni, mafuta ya taa au dawa ya wadudu hushika harufu, na ikishashika sina njia ya kukushauri ya kuiokoa. Mavi ya panya au ya mende yakionekana, tupa mfuko mzima. Fukusi ukiwakuta, kagua pia unga na mahindi yaliyo jirani, maana kwa kawaida huko ndiko wanakotoka.

Kuhusu tarehe, kanuni za uwekaji lebo za Codex Alimentarius, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, huzitaja sukari za hali yabisi zisizoongezwa virutubisho miongoni mwa vyakula visivyolazimika kuwa na tarehe ya mwisho, kwa sababu zikiwa kavu hudumu kwa miaka. Tarehe haiwezi kuilinda sukari iliyolowa.

Hifadhi mfuko juu ya chaga za mbao, mbali kidogo na ukuta na mbali na jiko na sufuria za mvuke. Ukishaufungua, hamishia sukari katika ndoo kavu yenye mfuniko unaobana, na uchote kwa kijiko kikavu. Kijiko kilichotoka kwenye chai kinatosha kuanzisha bonge. Usiiweke kwenye friji, kwa sababu ikitolewa humo hupata umande. Sukari laini ya kahawia inayotumika kwenye keki huwa ngumu kwa sababu iliyo kinyume, yaani kwa kupoteza unyevu wake. Hiyo ifunge isipate hewa, na ikishakauka iweke kwenye chombo chenye mfuniko pamoja na kipande cha mkate hadi kesho yake. Italainika, nawe utauondoa mkate huo mara moja ili usiote ukungu.

Kabla ya kumimina sukari mpya ya kahawia, osha ndoo kwa maji ya moto na sabuni, isuuze hadi harufu ya sabuni iishe, uianike ikauke kabisa, na usichanganye mabaki ya zamani na mpya, kwani chachu zitahamia humo.