Pakiti Zinavimba: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Chakula Freshi cha Mbwa na Paka

SWALI: Habari za kazi. Napika chakula cha mbwa kwa wateja wa Masaki na Mbezi Beach, kilo 40 kwa mkupuo: nyama, maini, mchele na boga. Nachemsha saa mbili nzima, kinapoa usiku kucha ndani ya sufuria lililofunikwa, asubuhi nafunga kwenye pakiti na kuweka kwenye friji. Tangu joto la Januari lianze pakiti zinavimba siku ya pili au ya tatu, na ukizifungua zinatoa harufu ya kuchacha. Niongeze muda wa kuchemsha? (Msomaji, Tegeta)

JIBU: Usiongeze hata dakika moja, ndugu yetu. Moto wako unatosha. Kinachokuharibia kazi ni ule usiku.

Bakteria wengi wa nyama hufa chakula kikifika nyuzi 75 katikati. Lakini wapo wanaojifungia ndani ya ganda gumu na kuvumilia mchemko: Clostridium perfringens kwenye nyama, Bacillus cereus kwenye mchele. Chakula kikishuka chini ya nyuzi 55 hivi wanaamka, na wanakuta wenzao wote wameshakufa, uwanja ni wao. Kwenye nyuzi 43, Clostridium huongezeka maradufu kwa takriban dakika kumi tu. Gesi wanayotoa ndiyo inayovimbisha pakiti zako.

Jaribu siku moja: epua, funika kama kawaida yako, kisha baada ya saa tano chomeka kipimajoto cha sindano ndefu. Pembeni ya sufuria panashikika. Sogeza ncha hadi katikati uone namba inavyopanda. Kiini hicho kinapita polepole, saa baada ya saa, katika joto lilelile ambalo bakteria wanalipenda.

Kanuni ya majiko ya biashara ni kushusha chakula kutoka nyuzi 57 hadi 21 ndani ya saa mbili, kisha kutoka 21 hadi 5 ndani ya saa nne zinazofuata. Hapa Dar chumba chenyewe kina nyuzi 30 na zaidi, kwa hiyo feni peke yake haitakufikisha 21 hata ukisubiri mpaka kesho. Maji ya tangi la juu ya bati nayo ni vuguvugu. Lazima utumie barafu.

Fanya hivi. Kiini kikifika nyuzi 75 kiache hapo dakika kumi, kisha epua. Zile saa mbili zinakuunguzia vitamini B1 bure. Koroga premiksi ya vitamini na madini baada ya kuepua. Jaza kikiwa bado cha moto, kwa upawa ambao haujagusa nyama mbichi, kwenye mifuko ya kilo moja inayostahimili joto. Ilaze iwe bapa, unene usizidi sentimita 3, kisha izamishe kwenye pipa la maji na barafu, ukiigeuza kila dakika kumi. Kushusha kilo 40 kutoka nyuzi 60 hadi 10 kunayeyusha barafu kilo 21 hivi, hiyo ni bila hasara yoyote; kwa hali ya hewa yetu andaa 35. Ikifika 10 ipangusie maji, iingize kwenye friza kwa safu moja yenye nafasi kati ya mfuko na mfuko. Ukiirundika ikiwa vuguvugu, ya katikati haitaganda kwa wakati na itaipasha moto hata ile ya jana. Kama unatumia mashine ya kutoa hewa, usiuze kwa kutegemea friji: bakteria hawa wanapenda mahali pasipo na hewa. Gandisha nyuzi 18 chini ya sifuri.

Zilizovimba zote zitupwe, na mwambie mteja aliyekwisha kununua. Usizichemshe upya, maana sumu ya Bacillus iliyokwisha kuachwa kwenye mchele haiondoki kwa moto. Na usiwamwagie paka wa mtaani.

SWALI: Daktari wa mifugo amesema mtoto wa mbwa wangu amepinda miguu kwa kukosa kalisiamu. Anakula nyama ya kutosha kila siku, inawezekanaje? (Msomaji, Kigamboni)

JIBU: Inawezekana kwa sababu ya hiyo nyama. Nyama ina fosforasi nyingi na karibu haina kalisiamu, wakati mbwa anahitaji kalisiamu iwe sawa na fosforasi au iizidi, isifike zaidi ya mara mbili. Akikosa kwenye bakuli, mwili unachota kwenye mifupa.

Kwa mbwa aliyekwisha kukomaa dawa iko jikoni kwako. Osha maganda ya mayai, yachemshe dakika kumi, yakaushe, yasage hadi yawe unga laini kama wa sembe. Yakibaki na chenga hayatumiki vizuri tumboni. Ganda moja kavu ni gramu 5 hivi, na zaidi ya theluthi yake ni kalisiamu. Kwa kilo 10 za chakula kilichoiva (nyama isiyo na mfupa kilo 4.5, moyo kilo 1, maini nusu kilo, mchele mkavu kilo 1, boga na karoti kilo 1.5, mafuta gramu 100, yaliyobaki ni maji) weka gramu 55 za unga huo. Pima kwa mizani, usikadirie kwa kijiko. Maini yasizidi nusu kilo hiyo, yana vitamini A nyingi mno. Kitunguu maji na kitunguu saumu visiingie kabisa, vinaharibu chembe nyekundu za damu. Madini mengine madogomadogo, kama zinki na iodini, yatoke kwenye premiksi ya mbwa, si ya kuku.

Kwa mtoto anayekua kipimo hicho hakitoshi, na kuzidisha kwa kubahatisha kunaumiza mifupa vilevile. Mwachie daktari wako apange.

SWALI: Chakula hichohicho cha mbwa naweza kumpa paka? (Msomaji, Ilala)

JIBU: Kwa siku moja hatadhurika. Kwa kudumu, hapana. Paka hawezi kutengeneza taurini (kirutubisho kinachopatikana kwenye nyama) ya kutosha, na akiikosa moyo unatanuka na macho yanaharibika. Jambo la moyo lilithibitishwa Marekani mwaka 1987. Vitamini A pia hawezi kuitoa kwenye karoti. Cha paka kiwe karibu chote nyama, moyo na maini kidogo, pamoja na taurini ya kuongeza. Supu usimwage: taurini huyeyukia humo.

SWALI: Viwanda vya nje vinafanyaje chakula freshi kikae wiki kadhaa bila kugandishwa? (Msomaji, Sinza)

JIBU: Nyama hupokelewa ikiwa na nyuzi 4 au chini yake, husagwa, huchanganywa na mboga na premiksi, kisha husukumwa ndani ya ganda la plastiki kama soseji nene na kuivia humohumo. Hapo ndipo siri ilipo: baada ya kuiva hakuna mkono wala kisu kinachokigusa tena. Hupozwa kwa maji ya baridi kali na kupitishwa kwenye kitambua chuma, kwa sababu meno ya mashine za kusagia huvunjika. Wengine, hasa wa chakula kisichopikwa, hukibana ndani ya maji kwa shinikizo la karibu mara 6,000 ya lile la hewa, dakika chache tu. Bakteria kama Salmonella hufa, lakini wale wenye ganda gumu hubaki, ndiyo maana friji ni lazima njia nzima hadi dukani.

SWALI: Umeme ukikatika, nitajuaje kama friza ilipoteza ubaridi nikiwa safarini? (Msomaji, Mbagala)

JIBU: Friza iliyojaa isiyofunguliwa hushika ubaridi saa 48 hivi, iliyojaa nusu tu hushika saa 24. Gandisha kikombe cha maji, weka sarafu juu ya barafu, kiache humo. Ukirudi ukaikuta sarafu chini ya kikombe, kila kitu kiliyeyuka na kuganda upya, tupa. Ikiwa bado juu, uko salama.