Kwa anayeona kunguru na njiwa tu bustanini: tatizo ni miguu, si darubini

Mkuu, umeuliza kama ubadilishe darubini kwa sababu umezunguka bustani ya umma Jumamosi tatu mfululizo na ulichoambulia ni kunguru na njiwa. Usibadilishe. Kwanza tafuta pa kukaa.

Nami nilianza hivyohivyo. Nilikuwa naizunguka bustani nzima kama mtu anayekagua uzio, kisha nalalamika kuwa hakuna ndege. Siku moja kamba ya kiatu ikakatika, nikakaa kwenye benchi kando ya bwawa nikihangaika kuiunga. Nainua kichwa, mdiria huyo hapo, kwenye tawi lililoinamia maji, hatua chache tu kutoka nilipo. Akajitosa, akaibuka na kisamaki, akakipigiza kwenye tawi mara tatu, akakimeza kwa kuanzia kichwani. Mimi nimeduwaa na kiatu mkononi. Nilishawahi kumpita pale mara ngapi? Hata sitaki kuhesabu.

Ukifika mahali, vichaka hunyamaza. Ukitulia kama robo saa, vinaanza tena. Wengi wetu huondoka dakika ya tano. Kaa penye mpaka, yaani miti inapokutana na nyasi au matete yanapokutana na maji, na jua liwe mgongoni kwako, la sivyo kila ndege atakuwa kivuli cheusi. Nenda alfajiri. Jua la utosini ni la kulala, kwako na kwa ndege.

Sasa hiyo darubini. Umesema ni 10x42 na picha inatetemeka. Ile 10 ni ukuzaji, na 42 ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Kadiri inavyokuza, ndivyo inavyokuza na mtetemo wa mikono, ndiyo maana mimi natumia 8x42. Ila yako inafaa, egemeza viwiko magotini. Tena nina hakika hujairekebisha kwa macho yako: ziba lenzi ya kulia, tazama kitu kisichosogea kwa jicho la kushoto, zungusha gurudumu la katikati mpaka kiwe wazi. Kisha ziba ya kushoto, na safari hii zungusha pete iliyo kwenye kipande cha jicho la kulia (nyingi huiweka hapo), gurudumu usiliguse. Ukimwona ndege, usimwondolee macho. Iinue darubini ije machoni.

Kumtambua, rangi iache mwisho, maana mwanga hudanganya. Anza na ukubwa ukimlinganisha na njiwa, umbo la mdomo, halafu anachofanya. Anayepanda shina huku amejikaza kwa mkia, huyo karibu hakika ni kigong'ota, hata kama hukuona rangi yoyote.

Kosa langu kubwa nalikiri hapa: niliwahi kupiga sauti ya ndege kwenye simu ili mwenyewe ajitokeze. Alijitokeza kweli, akawa anaruka huku na huku juu yangu akilia, ana kiwavi mdomoni na hamezi. Ilinichukua muda kuelewa kwamba kile kiwavi kilikuwa cha makinda, na mimi nimesimama kati yake na kiota. Ndege akibeba chakula bila kumeza, au akirudia mlio mfupi mkali bila kukoma, rudi nyuma mpaka anyamaze. Sauti za simu niliacha siku hiyo.

Kinda mwenye manyoya ukimkuta chini, mara nyingi hajapotea, anajifunza kuruka na wazazi wako karibu. Mwache. Akiwa njiani pa kukanyagwa, msogeze kichakani hapohapo. Harufu ya mkono wako haiwafanyi wazazi wamkatae. Mbwa umfunge kamba. Mkate usiwape bata, unawashibisha bila kuwajenga na unaobaki unachafua maji.

Jumamosi hii kaa benchi moja tu, saa nzima, halafu uje utuambie umeona nini.