Bibi Shamba wa Ghorofani: Si Kila Cheupe Ni Ukungu

Toleo lililopita niliandika jinsi ninavyootesha maikrogrini (miche ya mboga inayokatwa na kuliwa ikingali michanga), ambayo mimi huyaita majani machanga, kwenye kibaraza changu cha ghorofa ya tatu hapa Upanga, ndani ya makopo ya aiskrimu ya lita 2. Nilidhani nimemaliza. Jumbe mlizoniletea zimenionyesha kwamba nilieleza raha nikairuka karaha. Nilikuwa bibi shamba miaka 31, Tanga na Morogoro, nikihangaika na mahindi na mihogo ya watu. Haya ya kwenye kopo nimejifunza baada ya kustaafu, kwa kuharibu, kwa hiyo mengi ya hapa chini yametoka jalalani kwangu.

*Shikamoo Bibi Shamba. Nimeotesha figili kama ulivyoelekeza. Siku ya tatu nimefunua nikakuta manyoya meupe kila mahali. Nimemwaga makopo yote mawili. Huu ukungu unatoka wapi na maji nayachemsha?* (Mama Wawili, Tabata)

Marahaba mwanangu, na pole, maana nahisi umemwaga mboga nzima.

Figili ikiota, kimzizi chake cha kwanza huota vinyweleo vyeupe, vifupi, laini, vimesimama pande zote kama brashi ya kuoshea chupa ya mtoto. Kazi yake ni kunyonya maji. Kwa kuwa mbegu umezitandaza juu ya udongo hukuzifukia, mzizi unakaa wazi siku mbili tatu kabla haujazama, na ukifunua unakutana na pamba. Mara ya kwanza na mimi nilishtuka, nikachukua miwani ya kusomea, nikainama hadi pua ikagusa kopo. Ndipo nikaona kila unyoya umetoka kwenye mzizi na haukwenda popote.

Jaribu hivi: nyunyiza maji. Vinyweleo vitalala na kugandana na mzizi, utadhani umevifuta. Mzizi ukikauka vinasimama tena. Ukungu wenyewe haupotei hivyo. Unatambaa juu ya udongo na kuruka kutoka shina moja hadi jingine kama utando wa buibui, na aghalabu huanzia kwenye mbegu iliyokufa au kwenye pembe ya kopo ambako hewa haifiki. Halafu tumia pua. Vinyweleo havinuki, ila ukungu hunuka kama kanga iliyoanikwa ndani wakati wa masika.

Ukiwa ni ukungu kweli, wapo wanaopuliza siki, wapo wanaochota sehemu mbovu kwa kijiko. Mimi namwaga. Kopo moja ni vijiko viwili vya mbegu, kuhara kwa mtoto ni gharama kubwa kuliko hiyo. Osha kopo kwa sabuni, kisha jiki kidogo kwenye maji, suuza vizuri, anika juani. Na gesi yako usiimalize kwa kuchemsha maji: vijidudu vya ukungu viko hewani na kwenye ganda la mbegu, havisubiri bomba.

(Figili ninayosema ni ile yenye mzizi mwekundu wa mviringo. Watatu mmenunua figiri ya mboga. Si kosa, nayo huota, ila msinilaumu kwa ladha.)

*Bibi, miche yangu ya haradali inaota vizuri sana, siku ya tano inalala chini kama imepigwa na upepo. Namwagilia asubuhi, mchana na jioni.* (Kijana wa Kigamboni)

Umeuliza na umejijibu, baba. Hicho ni kinyausi, ugonjwa ule ule unaomaliza vitalu vya nyanya na kabichi. Vimelea vyake hukaa kwenye udongo, na hupenda vitu vitatu: maji yasiyotoka, joto, na miche iliyobanana. Kigamboni joto unapewa bure. Maji na msongamano unajiletea mwenyewe.

Sikucheki. Ramadhani ya mwaka 2023 iliangukia masika. Nilimwahidi wifi yangu majani ya haradali ya kutupia juu ya viazi vya futari, nikapanda makopo 7 kwa mkupuo, nikayapanga jikoni kwa sababu kibarazani mvua inaingia. Mbegu nilimimina kwa kiganja. Siku ya nne nilikuwa na zulia la kijani la kupigia picha. Siku ya tano alfajiri, katikati ya kila kopo kulikuwa na shimo la miche iliyolala, kama mahali alipolala paka. Niling'oa mmoja: juu mzima kabisa, majani yake mawili yanang'aa, chini, pale shina linapogusana na udongo, pamekuwa uzi wa kahawia unaoteleza vidoleni. Wifi alikula kachumbari ya matango.

Tangu hapo nafanya hivi. Makopo mawili, moja ndani ya jingine. La ndani lina matundu kama kumi chini na udongo wa kina cha sentimita 2 au 3. Mbegu zikishaota, maji siyamwagi juu tena. Naweka nusu sentimita kwenye kopo la nje, la ndani linakunywa kwa dakika 10 hadi 15, kisha yaliyobaki namwaga. Hilo la kumwaga ndilo wengi mnalisahau. Ukiacha yakae, mizizi inazama na umerudi ulikotoka. Kujua kama kopo lina kiu, linyanyue: kavu ni jepesi, na mkono wako utalizoea baada ya wiki moja. Kwa kawaida ni mara moja kwa siku, siku ya mawingu hata hiyo haihitajiki.

Mbegu kwa kopo la lita 2: figili vijiko viwili vya chai, haradali kimoja, mchicha nusu, alizeti zenye maganda gramu 30 hivi, zilizolowekwa kwa muda wa saa 8. Najua kijiko kimoja kinaonekana uchoyo. Vumilia. Samadi usiweke, hata iliyooza. Siku 10 za mche mbegu yenyewe inatosha kumlisha, na wewe unakula majani mabichi yaliyokaa sentimita chache juu yake. Na feni ya mezani, ikipepea kwa mbali saa chache kwa siku, imeniokolea makopo mengi kuliko dawa yoyote.

*Ndugu Bibi Shamba, nimenunua alizeti kilo moja duka la pembejeo. Zina rangi ya waridi na inatoka mikononi. Nizioshe mara ngapi kabla ya kuziotesha?* (Mstaafu mwenzio, Morogoro)

Usizioshe hata mara moja, kwa sababu hutazila. Rangi ile imewekwa makusudi ili mtu ajue mbegu imepakwa dawa ya kuvu au ya wadudu. Shambani haina neno, mbegu inakaa ardhini na mavuno yako miezi mbele. Kwenye kopo unakula siku ya 10, na majani yale mawili mazito ya alizeti ndiyo ile mbegu yenyewe imefunguka. Zipeleke shamba, na mikono nawa kwa sabuni.

Za kula tafuta zisizopakwa kitu: kwa mkulima unayemjua, au kwa wauza viungo. Haradali, uwatu na giligilani za viungo huota vizuri kama hazijakaangwa na hazijazeeka. Giligilani ipasue kwanza kwa kuisukuma taratibu chini ya chupa, maana kila kipunje kina mbegu mbili ndani, kisha iombee dua. Siku 20 si ajabu. Kabla hujanunua nyingi, weka mbegu 20 kwenye tishu mbichi ndani ya sahani, funika. Zikiota chini ya 15 baada ya siku nne au tano, mwambie muuzaji asante.

Na kwa kuwa kuna aliyeniuliza pembeni: miche ya nyanya, biringanya na pilipili hailiwi. Chipukizi za maharage mabichi pia acha, zina sumu ambayo huisha kwa kuchemsha tu.

*Assalaam aleikum Bibi. Huku kwetu makumbi ya nazi tunayafukia pwani, yakiiva tunayaponda tupate usumba wa kusokota kamba. Vumbi linalobaki nimelitumia badala ya udongo, nikasikia ndiyo kokopiti yenyewe. Miche inatoka midogo, ncha za majani zimeungua.* (Msomaji, Kusini Unguja)

Waaleikum salaam. Ni kokopiti kweli, na wazo lako nimelipenda kuliko yote ya wiki hii. Lakini makumbi hayo yamelala kwenye tope la bahari miezi kadhaa, yamekunywa chumvi mpaka ndani. Mche mchanga hauwezi. Tia vumbi kwenye ndoo, mimina maji baridi ya kunywa, koroga, acha hadi kesho, kamua kwa kitambaa. Maji ya kwanza yatatoka kama chai ya rangi. Rudia mpaka yatoke meupe. Mara nne, tano, usikate tamaa. Nikipewa nafasi ya kuchagua, ningechukua makumbi ambayo hayajafika pwani kabisa, nayo ningeyaosha vilevile.

Wa Mbezi na Tegeta wenye visima, hili na lenu pia. Kama maji ya kisima chako yanaiharibu chai, na figili hayataifaa. Kinga ya mvua.

*Shikamoo Bibi. Nipo Muscat, nyumba nzima AC, mapazia yamefungwa kutwa. Miche yangu mirefu, myembamba, ya manjano, imeinamia dirisha kama inataka kutoroka.* (Bint wa Wete)

Marahaba mwali. Joto la chumba chako, nyuzi 22 au 24, mimi ningelilipia. Kilichokosekana ni mwanga. Miche ifunikwe gizani siku 3 au 4 za mwanzo tu, kisha mwanga mwingi. Kwa kuwa nje kiangazi huko kinapita nyuzi 40 na kibaraza kitaipika, funga taa nyeupe ya LED ya kawaida sentimita 20 hadi 30 juu ya makopo, saa 12 hadi 14 kwa siku. Taa za zambarau za kwenye matangazo usinunue. Mdomo wa AC usielekee makopo, utayakausha kabla ya adhuhuri.

Kwa wa Dar: jua letu la Juni hukaa upande wa kaskazini, la Desemba kusini. Dirisha lililokupa mboga nzuri mwezi wa 6 laweza kukuangusha mwezi wa 12. Hamisha kopo, usilaumu mbegu.

*Mchicha wangu haujaota, leo siku ya tisa.* (Moshi)

Julai? Baridi hiyo. Mchicha unataka joto. Weka kopo juu ya friji mpaka uote, au subiri Oktoba na sasa hivi uoteshe sukuma wiki na figili, ambazo Moshi zinajisikia nyumbani kuliko kwangu.

*Ni kweli majani haya yanaondoa sukari na presha?* (Wengi)

Hapana. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani walipima aina 25, na baadhi zilikuwa na vitamini mara 4 hadi 40 ya majani yaliyokomaa, gramu kwa gramu. Kutoka hapo watu wamefika mbali sana. Konzi ya majani machanga ni gramu 20 au 30, sahani ya mchicha wa nazi ni gramu 200. Kuleni vyote viwili, na vidonge vya daktari msiviache. Anayemeza dawa ya kuzuia damu kuganda amuulize daktari wake kabla ya kuanza kula majani mengi ghafla, kwani yana vitamini K.

*Kwa nini nihangaike na udongo, si nioteshe kwenye chupa tu kama choroko?* (Ilala)

Hicho ni kitu kingine. Chipukizi za kwenye chupa hukaa gizani, kwenye joto na unyevu, na unakula mbegu, mzizi na vyote. Bakteria nao wanastawi hapo hapo. Mwaka 2011 Ujerumani watu zaidi ya 50 walifariki kwa aina ya bakteria ya E. koli, na uchunguzi uliishia kwenye chipukizi za uwatu. Choroko za chupa mimi nazila, ila nazipitisha kwenye kikaango kwanza. Majani machanga unayakata juu ya udongo, kwa mkasi safi, yakiwa makavu. Usiyaoshe kabla ya kuyaweka kwenye friji. Osha yanapokwenda mezani. Ndani ya kopo lenye tishu chini yanakaa siku 5.

*Kunguru wanakula alizeti zangu. Nimeweka chandarua cha zamani, nimekosea?* (Magomeni)

Kama ni kile chenye dawa ya mbu, umekosea, kitoe leo. Nunua mita moja ya wavu wa madirisha, ufunge na kibanio cha nguo pembe zote nne. Siku zile za giza weka kopo jingine juu yake na tofali juu ya kopo. Alizeti hupenda kukandamizwa, maganda yanavuka vizuri. Tofali liwe zima. Nusu tofali kunguru wangu alilisukuma Jumanne, mbele ya macho yangu, akasimama juu ya AC ya jirani na mbegu mdomoni akinitazama.