Samba inakataa nenosiri la Ubuntu

Mkuu, umesema folda inaonekana kwenye Windows ila nenosiri lako la Ubuntu linakataliwa. Samba, yaani programu inayoiwezesha Ubuntu kushiriki folda na Windows, haisomi nenosiri hilo, ina orodha yake yenyewe. Kwenye terminal ya Ubuntu andika sudo smbpasswd -a kisha jina lako la mtumiaji, uweke nenosiri, ujaribu tena. Ikigoma bado, kagua ruhusa za folda kwa ls -ld.

Kuhusu kufikia faili ukiwa kazini: tafadhali usifungue poti 445 (mlango wa mtandao ambao Samba hutumia) kwenye ruta. Programu hasidi ya WannaCry ya 2017 ilisambaa kupitia hapo hapo. Sakinisha WireGuard nyumbani, ambayo ni VPN (njia ya siri ya kuingia mtandao wa nyumbani ukiwa mbali), uingie Samba kupitia humo. Ila kama intaneti yako ni ya laini ya simu, mara nyingi hupewi IP (anwani ya mtandao) ya peke yako ya kuifikia WireGuard kutoka nje, kwa hiyo Tailscale, VPN isiyohitaji IP hiyo, itakupunguzia usumbufu.