Pedi Hazina Kosa, Vua Pini: Kubadilisha Breki za Mbele Nyumbani Kwetu Pemba

Mteremko wa kuingia bandari ya Mkoani kila dereva wa Pemba anaujua. Unatokea juu, bahari inakufungukia mbele, na barabara inakuvuta chini. Mwaka jana, wiki moja kabla ya Ramadhani, nilikuwa nampeleka mama kuwahi boti ya Unguja. Nilipokanyaga breki pale juu nikasikia chuma kinasaga chuma tairi la mbele la kushoto, na gari ikavuta upande. Nikaweka gia ya 2, nikateremka polepole huku mkono uko kwenye hendibreki. Mama alikuwa anasoma uradi wake, hakujua kitu. Tulifika salama, alhamdulillahi, lakini mikono ilinitetemeka mpaka alipopanda boti.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba pedi za tairi lile, yaani vile vibao viwili vinavyoibana diski ili gari isimame, zilikuwa na miezi minne tu. Nilizibadilisha gereji, nikalipa, nikaambiwa nisahau habari ya breki mwaka mzima. Siku ile nilipofungua tairi, pedi ya nje bado ilikuwa nene. Ya ndani ilikuwa imekwisha, kimebaki kibati cha chuma kinachokwangua diski, ile sahani ya chuma inayozunguka pamoja na tairi.

Jirani yetu mmoja, mzee aliyeendesha gari za shamba miaka mingi, alikuwa amekaa kibarazani. Nikamwonyesha zile pedi mbili. Akazishika, moja mkono huu, moja mkono huu, akasema: "Mwanangu, pedi hazina kosa. Vua pini."

Tokea siku hiyo breki za mbele za gari yangu, ambayo ni Toyota IST, nazifanya mwenyewe uani. Naandika haya kwa sababu watu wengi wanaweza kutoa pedi kuukuu na kutia mpya, ila hawagusi kile kilichozila zile kuukuu.

Kwanza ujue kinachofanyika unapokanyaga. Lile dubwana la chuma linalokumbatia diski, mafundi wanaliita kalipa. Kwenye gari nyingi ndogo tunazopanda, kalipa ina pistoni moja tu, yaani kile kikombe cha chuma kinachosukumwa na mafuta ya breki, nayo iko upande wa ndani. Pistoni inasukuma pedi ya ndani iguse diski, halafu kalipa yote inateleza juu ya pini mbili na kuivuta pedi ya nje iguse upande wa pili. Ukiachia, inarudi kidogo na pedi zote mbili zinapumua. Sasa pini zikikwama, kalipa haitelezi. Pedi ya ndani inabaki kufanya kazi peke yake na haiachii sawasawa, inasugua njia nzima kutoka Chake mpaka Mkoani. Ndiyo maana inakwisha mapema. Ukikuta pedi moja imekwisha na mwenzake bado, usilaumu duka lililokuuzia, angalia pini.

Na sisi hapa hatuna pa kuikimbia bahari. Upepo wa chumvi unafika kila kijiji, ukienda Wete, ukienda Kengeja, chumvi ipo. Mpira mdogo unaoziba pini ukipata ufa hata wa uzi, maji na chumvi vinaingia. Pini niliyoitoa siku ile ilikuwa na kutu ya rangi ya kahawa nusu ya urefu wake, na grisi iliyobaki ilikuwa imegeuka ulimbo, kama ule wa fenesi tuliokuwa tukitegea ndege utotoni. Ilibidi niizungushe kwa spana huku na huku karibu robo saa ndipo ikatoka.

Sasa kazi yenyewe. Tafuta mahali palipo sawa na pagumu. Uwani kwangu ni udongo mwekundu, na baada ya mvua jeki huzama, kwa hivyo naweka kipande kinene cha ubao chini yake. Tia kabari nyuma ya matairi ya nyuma, vuta hendibreki, gia iwe P. Nati za tairi zilegeze nusu mzunguko gari ikiwa bado chini. Ukiinyanyua kwanza, tairi litazunguka na wewe utaitikisa gari iliyo juu ya jeki.

Hapa nisimame kidogo, maana hili ni la roho ya mtu. Jeki ni ya kunyanyulia, si ya kushikilia. Ukishainyanyua, weka stendi, yaani kile kiguu cha chuma cha kushikilia gari, chini yake kabla hujaingiza mkono. Huna stendi, azima. Na usitumie matofali ya bloku wala jiwe la pwani. Bloku linaonekana gumu, kisha linapasuka ghafla bila ya kutoa dalili. Mimi juu ya stendi huongeza tairi nililolivua, nalilaza chini ya ubavu wa gari, ili hata kila kitu kikiteleza pabaki nafasi.

Zungusha usukani ili kalipa ikuelekee. Piga picha kwa simu kabla hujafungua chochote, kwa sababu vile vibati vidogo vinavyoshika pedi vina pande zake na utasahau. Kwenye gari yangu bolti za kalipa ni namba 14. Wengi wanafungua ya chini tu na kuinua kalipa kama kifuniko cha sanduku, na pedi zinatoka. Inawezekana, lakini ukifanya hivyo hutaziona pini zote mbili. Fungua bolti zote mbili, toa kalipa, halafu ifunge kwenye springi. Mimi natumia kamba ya usumba. Usiiache ining'inie kwa ule mpira wa mafuta ya breki, ukiumia ndani huwezi kuuona kwa nje, na siku utakapopasuka utakuwa barabarani.

Vumbi jeusi lililojaa pale usilipulize, si kwa mdomo wala kwa upepo wa pampu. Pedi za zamani nyingine zilitengenezwa kwa asbesto, madini ambayo vumbi lake linadhuru mapafu, na hakuna anayelijua vumbi la pedi kuukuu kwa kulitazama. Futa kwa kitambaa kilicholowana, kisha kitupe.

Pini sasa. Zivute moja moja na uweke alama ipi ya juu, ipi ya chini, kwa sababu mara nyingi moja ina kimpira kwenye ncha na nyingine haina, na hazibadilishani nafasi. Safisha kutu kwa msasa laini. Kama kutu imeila mpaka pamekuwa na vishimo, nunua nyingine. Safisha na tundu zake pia, mpaka kitambaa kitoke safi. Grisi ya kutia humo si grisi ya bearingi wala ya kawaida ya gereji. Grisi za mafuta ya petroli zinavimbisha mipira ya breki, na mpira ukivimba pini inabanwa upya baada ya wiki chache. Uliza grisi ya silikoni ya breki. Paka kiasi cha kufunika pini tu, irudishe, uisukume na kuivuta kwa kidole. Lazima iende na irudi bila ya kulazimishwa. Mpira uliopasuka usiurudishe kwa huruma ya kuokoa shilingi, badilisha.

Kuna na mahali pengine pa kukwama ambapo hata mafundi hupapita. Vile vibati vya kushikia pedi vinakaa juu ya chuma, na kutu huota chini yake. Ikiota inavinyanyua, nafasi inakuwa finyu, na pedi mpya inaingia kwa kugongwa na nyundo. Pedi ikiingia kwa nyundo haitatoka kwa mguu. Vua vibati, piga brashi ya waya mpaka chuma kiwe wazi, kisha urudishe. Pedi inatakiwa iteleze mahali pake kwa vidole viwili.

Pistoni nayo lazima irudi ndani ili pedi nene zipate nafasi. Fungua kifuniko cha kikopo cha mafuta ya breki kwanza, maana mafuta yatapanda. Kama kimejaa, vuta kidogo kwa bomba la sindano la duka la dawa. Weka pedi kuukuu juu ya pistoni, kisha ibane kwa jiliwa dogo la seremala, taratibu, robo mzunguko kwa robo mzunguko. Ikigoma, au ukaona mpira wake umechanika na mafuta yanavuja, funga kila kitu ulichofungua na umwite fundi wa breki. Hapo si pa kujaribu. Mafuta ya breki yakidondoka kwenye rangi ya gari mwagia maji papo hapo, yanaila rangi.

Nikiwa kwenye mafuta: soma kifuniko kabla hujaongeza. IST yangu inataka DOT 3, ambalo ni daraja la mafuta ya breki. Mafuta ya injini, hata tone, usitie. Yanaharibu mipira yote ya mfumo na unaweza kukosa breki kabisa. Na usitie yaliyobaki kwenye chupa iliyokaa wazi tangu masika iliyopita. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani, na kwetu unyevu ni mwingi. DOT 3 safi inachemka kwa nyuzi 205 za Selsiasi au zaidi, lakini ikishalewa maji kipimo chake kinaruhusiwa kushuka hadi 140. Kwenye mteremko mrefu breki zikipata moto, mafuta yakichemka, pedali inazama na gari haisimami.

Diski itazame pande zote mbili. Pembezoni pake au katikati huwa pamechongwa unene wa chini kabisa unaoruhusiwa. Ikifika hapo, au ikiwa na mifereji inayokwaza ukucha, pedi mpya peke yake hazitakusaidia. Yangu ya kushoto ilibidi niibadilishe, na ya kulia nikaibadilisha pamoja nayo. Hivyo hivyo pedi: badilisha kushoto na kulia siku moja, zote nne. Ukibadilisha upande mmoja gari itavuta. Kipimo cha kubadilisha ni unene wa milimita 3 wa kile kinachosugua, bila kuhesabu kibati cha nyuma. Ukienda dukani nenda na pedi kuukuu mkononi, uzilaze moja juu ya nyingine, masikio yalingane. Jina la gari peke yake halitoshi, gari moja inaweza kuwa na pedi za aina mbili kwa mwaka na mwaka.

Kurudisha ni kama ulivyotoa, ukiangalia ile picha. Mikono iwe safi, pedi na diski visiguswe na grisi. Ukipaka diski kwa bahati mbaya, osha kwa dawa ya kupulizia breki, au maji na sabuni, ukaushe. Nati za tairi zikaze kwa kuvukana, moja kisha ya upande wa pili, si kwa kuzunguka, na ukazo wa mwisho ufanye gari ikiwa chini.

Kabla hujawasha gari kwenda popote, kanyaga pedali. Mara ya kwanza itakwenda mpaka chini kama hakuna breki kabisa, kwa sababu pistoni iko mbali. Kanyaga, achia, kanyaga, achia, mpaka iwe ngumu na juu. Nakuomba sana hapa usiwe na haraka. Mtu anayesahau hili na kutia gia ya nyuma hana kitu cha kumsimamisha isipokuwa ukuta au mtoto anayecheza nyuma. Kisha angalia mafuta kwenye kikopo tena. Pedali ikibaki laini kama sponji kuna upepo ndani, nayo ni kazi ya kutoa upepo, mwite fundi.

Pedi mpya zinahitaji kuzoeana na diski. Mimi natoka asubuhi baada ya Alfajiri, barabara ikiwa tupu, kwenye kipande kilichonyooka. Nakwenda kilomita 50 kwa saa, napunguza hadi 15 bila kusimama kabisa, naachia, napumzisha kama nusu dakika, halafu tena, mara 10. Kisha naendesha polepole bila kugusa sana breki ili zipoe. Kuna harufu kidogo siku ya kwanza, isikutishe. Baada ya kilomita 50 hivi nakaza nati za tairi tena.

Breki za nyuma za gari yangu ni za ngoma, na hizo sizigusi. Springi zake ni nyingi na zinahitaji mkono uliozoea. Nazipeleka kwa fundi na nasimama hapo hapo nikitazama.

Pini nazivua kila baada ya miezi 6, hata kama pedi ni nzima. Kazi yote kwa matairi mawili inanichukua kuanzia baada ya Asri hadi karibu ya Magharibi. Mara ya mwisho ilikuwa mwezi uliopita. Niliziweka zile pedi za kushoto juu ya kibaraza, ya ndani na ya nje, nikamwita yule mzee. "Shikamoo ami, zitazame." Akazipima kwa kidole gumba, akazigeuza, akanirudishia. Zilikuwa sawasawa.