Maswali yenu: Hinton, na wanaosubiri mzuka wa kuandika

Huyu bwana S. E. Hinton, mwandishi wa *The Outsiders*, bado yu hai?

Yu hai, ila si bwana. Ni Susan Eloise, mwenyeji wa Tulsa, Oklahoma. Wachapishaji wake walihofia wahakiki wangekidharau kitabu cha magenge ya wavulana wakiona jina la kike, ndiyo maana ya zile herufi. Nimeshajibu hili mara ngapi?

Nina miaka 17. Nasikia yeye alianza mapema zaidi. Nimeshachelewa?

Alianza *The Outsiders* akiwa na 15, sehemu kubwa akaiandika na 16, kikatoka mwaka 1967. Mwaka aliokuwa akikiandika, somo la uandishi shuleni alipata D. Hujachelewa, mwanangu, ila unauliza umri wakati yeye alikuwa na la kusema: rafiki yake alipigwa njiani akitoka shule, na vitabu vya vijana vya wakati ule havikuwa na habari hizo.

Mbona cha pili kilichukua miaka minne? Uvivu?

Umaarufu ulimkaba. Akawa kila sentensi anaiona mbaya, akakwama kabisa. Mpenzi wake, aliyekuja kuwa mumewe, akamwekea sharti: kurasa mbili kila siku, la sivyo jioni hawatoki. Zilipolundikana, kikapatikana *That Was Then, This Is Now*, 1971. Wala hakuna mzuka hapo. Kuna binti ameniletea sura ya kwanza mara tatu, kila mara ina jalada jipya na shukrani kwa mama yake. Sura ya pili sijaiona. Binti, jalada liache.

Una PDF yake?

Sina. Wewe ndiye unayelalamika kwamba waandishi wetu hawaishi kwa kalamu?

Coppola, mwongozaji wa filamu, alikijuaje *The Outsiders*?

Aliandikiwa barua na mkutubi wa shule ya Lone Star, California, pamoja na wanafunzi wake, wakimwomba akitengenezee filamu. Ikatoka 1983, Hinton mwenyewe yumo, kacheza nesi. Shule zetu zinazofungia vitabu kabatini na ufunguo kumpa mwalimu wa zamu zisome jibu hili mara mbili. Na kutazama filamu si kusoma kitabu, msinidanganye kwenye barua.

Baada ya hicho nisome kipi?

*Tex*, cha 1979. *Rumble Fish* ni chembamba lakini kina giza, kiache kwanza.