Usinunue hiyo seti, mtoto asome ukurasa mmoja kwanza

Mkuu, kama hela bado iko mfukoni, iache hukohuko. Nimeusoma uzi wako nikiwa kwenye daladala, nikashindwa kusubiri nifike nyumbani.

Umesema tarehe 22 Desemba unapanda kwenu Rombo, Kilimanjaro, kula Krismasi na kuhesabiwa na wenzako, una laki nne, na mwaka huu badala ya nguo umeamua kumbebea kila mtu kitabu: mtoto wa miaka mitatu, wale watatu wa shule ya msingi, dada wa kidato cha nne, mama, hadi babu wa miaka 81. Na umeona seti ya Kiingereza, vitabu ishirini kwenye boksi, "miaka 7 hadi 10", muuzaji kakupunguzia, unauliza kama ni dili. Si dili. Mimi niliinunua miaka minne iliyopita, kama si hiyo basi pacha wake, kwa laki tatu na themanini, na mpaka leo nikiliona lile boksi moyo unaniuma.

Yule muuzaji nilimwambia kwa mdomo wangu kwamba watoto ninaowapelekea wanasoma shule ya serikali kijijini, mkubwa yuko darasa la nne. Akaligeuza boksi, akaweka kidole kwenye maandishi ya nyuma: "Bosi, si wameandika hapa, saba hadi kumi? Na Kiingereza watakijulia humohumo." Nikaona kweli. Jamaa anauza vitabu kila siku ya Mungu, alijua fika. Huo umri umewekwa kwa mtoto aliyezaliwa akisikia Kiingereza, anayebembelezwa kwa Kiingereza na kugombezwa kwa Kiingereza. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali hapa kwetu anafundishwa hisabati na sayansi kwa Kiswahili. Kiingereza kwake ni somo moja kati ya masomo, hadi afike kidato cha kwanza ndipo lugha inageuzwa. Mtoto wa kaka yangu alikuwa na miaka tisa, lakini Kiingereza chake kilikuwa na miaka miwili. Muuzaji anayelijua hilo na bado anakufungia boksi, anakuingiza mkenge huku anakuchekea. Tena lote liko kwenye nailoni, huruhusiwi kuchana mpaka ulipe, na ukishachana halirudi.

Sasa sikiliza kilichotokea. Jioni ya tarehe 25, sahani zimeondolewa, sebule imejaa, wajomba, mashangazi, watoto wa mjini na wa kijijini wamebanana kwenye mkeka. Nikagawa vitabu. Mtoto wa kaka alikipokea cha kwake kwa mikono miwili, akakinusa, akapitisha kidole kwenye picha ya jumba la mawe. Alifurahi, naapa alifurahi. Na mimi nikaharibu kwa kusema, "Haya, tusomee kidogo, bibi asikie."

Akasimama. Kwenye mstari wa kwanza kabisa kulikuwa na neno "knight". Akalisoma kama alivyofundishwa kusoma, herufi kwa herufi, maana Kiswahili unakisoma kama kilivyoandikwa: "kinigiti". Binamu yake wa Dar, anayesoma shule ya Kiingereza, akacheka akasema, "Ni nait!" Watoto wote wakaangua kicheko. Akameza mate, akaendelea, akakutana na "enough". "Enugi." Kicheko tena, na safari hii hata watu wazima. Nilimwona jasho linamtoka puani, na kidole chake kimeganda chini ya lile neno kama kimegundishwa. Kisha akakifunga kitabu taratibu, akakiweka kwenye mkono wa kochi, akasema, "Baba mdogo, naomba nikanywe maji." Hakurudi. Bibi ndiye aliyemkuta kwenye zizi la mbuzi, gizani.

Msinicheke, wakuu. Wengi wenu humu mmewahi kumwambia mtoto asome mbele ya wageni, na mnajua mlikuwa mnamtaka aonyeshe nini.

Desemba iliyofuata nikalikuta boksi juu ya kabati la televisheni, limefunikwa kitambaa cha kufuma, na vase ya maua ya plastiki juu yake. Vitabu kumi na vinne vilikuwa bado kwenye nailoni. Laki tatu na themanini ningeisahau. Lakini yule mtoto alikaa miaka miwili hagusi kitabu chochote nikiwepo mimi. Nikiingia, anatoka. Mtoto aliyekuwa anasoma hadi maandishi ya kwenye mfuko wa sukari!

Kwa hiyo shika hili moja tu. Kabla hela haijatoka, anayepewa asome ukurasa mmoja kwa sauti. Si ukurasa wa kwanza, ule huwa mwepesi, fungua katikati. Utasema mtoto yuko Rombo na wewe uko Kariakoo. Piga picha ya ukurasa, mtumie mama yake wasapu, mtoto asome na akutumie sauti, wawili tu, bila hadhira. Akikwama maneno matano kwenye ukurasa mmoja, kirudishe kwenye rafu, hata kama kina jalada la dhahabu. Akikwama moja au mawili na ukasikia anataka kujua kinaendeleaje, lipa. Na muuzaji asiyekuruhusu kufungua kitabu katikati, mwage hapohapo.

Mwaka wa tatu nilifanya hivyo. Nikachukua hadithi kumi na mbili za Kiswahili, vitabu vyembamba vyenye picha, jumla elfu arobaini na nane. Usidanganywe kwamba havipo: mradi wa vitabu vya watoto, Children's Book Project, umekuwa ukisaidia kutoa hadithi za Kiswahili tangu 1991, na ukiuliza vizuri kwenye maduka ya vitabu pale mjini utavipata, mara nyingi vimewekwa rafu ya chini kabisa, nyuma ya vile vya kung'aa. Sikugawa mbele ya watu. Niliviacha kwenye kikapu karibu na jiko. Mdogo wake wa kike ndiye aliyeanza, anamsomea bibi ya sungura na fisi huku bibi anamenya ndizi. Akaruka neno. Kutoka mlangoni nikasikia, "Umeruka. Imeandikwa 'akamnyemelea', siyo 'akamwendea'." Alikuwa yeye, amesimama na ndoo ya maji mkononi. Kumbe muda wote alikuwa anafuata. Nilijifanya sikusikia, nikaendelea kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimeshafungwa.

Babu naye ni hivyohivyo, ukurasa mmoja kwa sauti. Baba yangu nilimletea Biblia nzuri ya zipu, ndogo ya kuingia mfukoni. Alishukuru sana. Kumbe maandishi madogo hayaoni, anainyoosha mkono wote na bado anabahatisha, halafu ni tafsiri mpya wakati yeye zaburi zote kazikariri kutoka Union Version ile ya 1952. Akisoma, mdomo unakwenda huku, karatasi inakwenda kule. Kama babu yako ni wa kanisani, muulize kwanza yake ni ipi, umtafutie hiyohiyo ya herufi kubwa. Kama anapenda hadithi, Shaaban Robert atamkumbusha Kiswahili cha ujana wake, ila herufi ziangalie kwanza.

Mkuu, hujatuambia wale watatu wa msingi wako darasa la ngapi na wanasoma shule gani, na hilo ndilo la kwanza. Huyo muuzaji atakwambia ofa inaisha leo. Aliniambia na mimi, na wiki mbili baadaye nilipita pale nikayakuta maboksi yamepangwa vilevile hadi darini. Mpigie mama yao jioni hii, tuma picha ya ukurasa wa katikati, halafu rudi hapa utuambie amekwama wapi.